KITI CHA MAGURUDUMU: SADAKA YA MAKANISA NA DENI LA WAISLAMU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Shukrani zote ni zake Yeye aliyewaumba wanaadamu mbali mbali, huyu akampa miguu ya kwendea na yule akamtia mtihani wa kuikosa, ili awatazame wote wawili: mmoja katika subira yake, na mwengine katika shukrani yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye hakumwona mnyonge kuwa mdogo, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika zama hizi zimekithiri khabari za makundi ya makanisa ya Marekani yanayosafiri kwenda nchi za mbali, katika Asia na Afrika na Amerika ya Kusini, yakichukua viti vya magurudumu na kuwapa viwete bila ya thamani. Waendao safari hizo aghalabu si mapadri. Ni watu wa kazi zao, mafundi, waganga, walimu na wafanya biashara, wajitolea siku zao za mapumziko na kujilipia nauli wenyewe. Waislamu wakizisikia khabari hizi hugawanyika mapote matatu. Pote moja lasema: hizi ni hila za kuwavuta watu katika dini yao, basi visipokelewe. Pote la pili lasema: kheri ni kheri, itokako haiulizwi. Na pote la tatu, nalo ndilo kubwa, halisemi neno, kwa kuwa halijapata kuwafikiri viwete hata siku moja. Kijitabu hiki kimekusudiwa kuyapima maneno ya mapote hayo kwa mizani ya sharia na ya akili, na khasa kuliamsha pote la tatu.

ASILI YA KHABARI YENYEWE

Yafaa kwanza ijulikane khabari hii imeanzia wapi, kwani mwanzo wake una mazingatio makubwa kwa Muislamu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 injinia mmoja wa Marekani, jina lake Don Schoendorfer, alikuwa safarini na mkewe katika mji wa Tetouan, nchi ya Morocco. Akamwona mwanamke asiyeweza kusimama, ajiburuta juu ya ardhi kwa mikono yake akiivuka njia katikati ya watu. Mtu huyo akarejea kwao, akaendelea na kazi yake miaka mingi, lakini sura ile haikumtoka moyoni. Hata alipofika umri wa makamo akaingia katika banda la motokaa nyumbani kwake, California, akatafuta njia ya kutengeneza kiti kwa gharama ndogo kabisa. Akachukua kiti cheupe cha plastiki, namna ya vile viwekwavyo bustanini, akakifunga juu ya chuma na kukitia magurudumu ya baiskeli. Mwaka 2001 akafuatana na kundi la kanisa lililokwenda kutibu wagonjwa Chennai, nchi ya India, akachukua viti vyake vya mwanzo. Katika mwaka huo huo kikasimama chama kiitwacho Free Wheelchair Mission, na tangu hapo kimekwisha toa viti zaidi ya milioni moja katika nchi zaidi ya 90. Gharama ya kiti kimoja, kwa miaka ishirini ya mwanzo, haikufika dola 100.

Na kuna khabari ya pili. Mwaka 1967 msichana wa Kimarekani, Joni Eareckson, aliruka kupiga mbizi katika Ghuba ya Chesapeake mahali penye maji machache, akavunjika shingo, akawa hawezi tena mikono wala miguu. Baadaye akaanzisha chama, na mwaka 1994 chama hicho kikaanza kazi iitwayo Wheels for the World: kukusanya viti vilivyotumika Marekani, kuvipeleka katika magereza ambako wafungwa huvitengeneza vikawa kama vipya, kisha kuvipeleka ng'ambo pamoja na waganga wa viungo wa kumpimia kila mtu kiti chake. Chama hicho hakifichi kwamba pamoja na kiti hutoa Biblia na mafundisho ya dini yao.

Ewe msomaji, zingatia hapa. Tetouan ni mji wa Waislamu. Una misikiti na wanavyuoni tangu karne nyingi, na adhana husikika humo mara tano kwa siku. Mwanamke yule hakutambaa siku ile moja tu aliyopita mgeni. Na siku zote alizotambaa walipita watu waendao sokoni na waendao msikitini. Huenda walikuwapo waliompa sarafu, nao Mungu atawalipa. Lakini aliyerudi kwao na suali moyoni, nalo ni vipi mtu huyu atainuliwa kutoka chini, alikuwa ni mpita njia wa dini nyingine. Jambo hili halikutajwa ili kuwatia aibu watu wa Morocco, kwani hapana mji katika miji ya Waislamu, wala pwani hii ya Afrika ya Mashariki, usio na mtu wa namna hiyo njiani. Limetajwa ili kila mtu ajiulize, kabla ya kuisema niya ya Manasara, yeye mwenyewe alikuwa wapi.

MAS-ALA YA KWANZA: JE, KITENDO HIKI NI CHEMA?

Wako wanaoona vigumu kukubali kwamba asiye Muislamu ametenda wema, wakidhani ya kuwa kukubali hivyo ni kupunguza haki ya Uislamu. Dhana hii si sawa. Katika Suratul Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wafanye uadilifu, wala kuwachukia watu kusiwapeleke katika kuacha uadilifu. Na uadilifu wa ulimi ni kukiita kitu kwa jina lake. Kiwete aliyekuwa akitambaa naye sasa ameketi, hilo ni jema. Mwenye kulikanusha amesema uwongo, na uwongo haumsaidii mtu wa haki.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe hakuusahau wema wa asiye Muislamu. Aliporejea kutoka Taif, watu wamempiga mawe, hakuweza kuingia Makka ila kwa himaya ya Mut'im bin Adiy, naye ni mshirikina, akafa hali hiyo. Baada ya vita vya Badr, Mtume akatamka kwamba lau Mut'im angalikuwa hai akawaombea wale mateka, angaliwaacha wote kwa ajili yake. Imepokewa khabari hii katika Sahihi ya Bukhari. Tazama basi: mtu amekufa katika shirki, na wema wake wakumbukwa na kuthaminiwa mbele ya jeshi zima. Ama hesabu ya mtenda wema huyo kesho Akhera ni ya Mola wake, wala mja hakukabidhiwa mizani ile.

MAS-ALA YA PILI: JE, YAJUZU KUKIPOKEA?

Asili ya jambo hili ni kujuzu. Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi za Muqawqis, mkubwa wa Makibti wa Misri, naye ni Mnasara. Na mfalme wa Ayla alimpelekea nyumbu mweupe wakati wa Tabuk, akampokea, naye akampa mfalme yule nguo. Na Asmaa binti Abubakar mamake alipomjia Madina, naye bado ni mshirikina, aliona haya na khofu, na katika riwaya ya Imam Ahmad imetajwa kuwa hakuzipokea zawadi zake wala hakumwingiza nyumbani hata alipouliza. Akaamrishwa amkaribishe na apokee. Na Suratul Mumtahina, aya ya 8, imeweka wazi kuwa hapana katazo la kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini yao.

Hapa mtu aweza kusema: Imepokewa pia kwamba Mtume aliikataa zawadi ya Iyadh bin Himar alipokuwa bado hajasilimu. Jawabu: ni kweli, na wanavyuoni wameziunganisha Hadithi hizi kwa njia zaidi ya moja. Iliyo mashuhuri ni kwamba hukataliwa zawadi ambayo mtoaji wake ataka kwayo upenzi na muelekeo wa mtu, na hupokewa ile ambayo kuipokea kwatarajiwa kuzilainisha nyoyo na kuleta kheri. Basi yaonekana ya kwamba kitazamwacho ni lile lifungamanalo na kitu kile, wala si mkono utoao peke yake.

Kwa hivyo kiti cha magurudumu kina hali tatu.

Hali ya kwanza ni kutolewa kwa kila mwenye haja bila ya sharti. Hicho chapokewa na mtoaji ashukuriwa; kwani imepokewa kutoka kwa Mtume kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na neno "watu" halikukhusishwa na Waislamu.

Hali ya pili ni kiti kutolewa bila ya sharti, lakini pamoja nacho huja kitabu au mwaliko. Kiti chapokewa, na mwaliko hukataliwa kwa adabu, pasipo matusi wala ugomvi. Aliye dhaifu wa ilimu na akachelea moyo wake, jamaa zake na mwalimu wake wamuandame, wasimwache akenda peke yake kisha wakamlaumu.

Hali ya tatu ni kwamba hapewi kiti ila atamke maneno ya kuiacha dini yake. Hapo haijuzu, na mtu akisubiri Mungu atamlipa subira yake. Lakini yapasa isemwe kwa uwazi kwamba vyama vikubwa vya makanisa vyenyewe hutangaza kuwa viti vyao hupewa watu wa dini zote. Muislamu hana ruhusa ya kumzulia mtu jambo asilolifanya, wala kuifanya hali ya tatu kuwa ndiyo hali ya wote.

Ama yule asemaye kuwa kuvikataa viti vyote ndiko kuihifadhi dini, na aulizwe: kiti chako ki wapi? Akiwa nacho, akilete, neno lake litasikilizwa. Na akiwa hana, basi amejihifadhia dini yake kwa miguu ya mwengine. Yeye atarudi kwake akitembea, na yule atabaki chini mchangani, na wote wawili wataitwa watetezi wa dini. Hilo silo agizo la Mtume kwa wanyonge.

JE, YAFAA KUUFUNGAMANISHA MSAADA NA MWITO WA DINI?

Hapa ndipo penye shina la mas-ala yenyewe, nalo ni gumu kuliko yaliyotangulia. Mwenye kuamini kwamba ana haki hupenda wengine waipate. Na mwenye kumpenda mtu hatampa kiti tu akamnyima lile aliloliona kuwa bora kuliko kiti. Manasara wasafirio hujiona hivyo, na yawezekana wengi wao ni wakweli wa niya. Wapi basi pana kosa, kama kosa lipo?

Kosa, pale lilipo, limo katika khiari ya apewaye. Khiari ya mtu aliyelala chini si kama khiari ya mtu aliyesimama. Asimamaye huweza kuusikiliza mwaliko, akaupima, akasema la, akenda zake. Atambaaye, naye amekiona kiti mbele yake, hawezi kujua kama akisema la kiti kitabaki au kitaondoka. Hata kama mtoaji hakuweka sharti, khofu ya kukosa yamuwekea sharti moyoni. Basi neno la ndio litokalo hapo halina thamani mbele ya Mungu wala mbele ya akili, kwani imani ni kukubali kwa moyo, na moyo haununuliwi. Lenye kufaa ni kiti kitangulie, kimilikiwe, mtu aende nacho kwake. Na mwenye maneno aje siku nyingine, amkute akiwa ameketi, aweze kumjibu uso kwa uso.

Msomaji mwenye akili atauliza: Je, sharia yetu nayo haina fungu katika zaka la wale wanaotiwa nguvu nyoyo zao? Vipi basi wengine walaumiwe kwa jambo hilo hilo?

Suali hili ni la haki, wala halifai kukimbiwa. Jawabu lake katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni kwamba wapewao fungu hilo la zaka ni watu waliokwisha kusilimu, ama niya zao bado ni dhaifu, ama ni wakubwa ambao kwa kupewa kwao hutarajiwa wenzao wasilimu. Hivyo ndivyo alivyoliweka Imam Nawawi katika Minhaj. Asiyesilimu hapewi fungu hilo la zaka katika madhehebu haya. Yaani kipawa huja baada ya Uislamu, wala hakiwekwi kuwa ni bei yake. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa Safwan bin Umayya mali nyingi baada ya Hunayn, naye hajasilimu, lakini ile ilikuwa katika mali ya ngawira, na Safwan alikuwa mmoja katika wakubwa wa Kureshi, mwenye silaha zake na mali yake. Alikuwa ameomba muda wa miezi miwili ajifikiri, akapewa minne. Hivyo ndivyo khiari ilivyo: mtu mwenye nguvu, ameachiwa nafasi ya kufikiri mara mbili ya ile aliyoitaka. Kumpa mwenye nguvu hakumvunji shingo. Kumtega asiye na miguu ni jambo jengine.

Na hukumu hii yapita juu ya Muislamu kama ipitavyo juu ya Mnasara. Wako Waislamu wajengao kisima, kisha wakawauliza wachotao dini yao. Wako wagawao futari ya Ramadhani mbele ya picha, maskini ameshika mfuko wenye jina la mtoaji, macho yake chini. Suratul Baqara, aya ya 264, imewaonya waumini wenyewe, si wengine, wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi. Aya haikusema kuwa sadaka hiyo hupungua. Imeeleza kuwa hubatilika, kama mchanga juu ya jabali tupu uliopigwa na mvua kubwa ukaondoka wote.

MAS-ALA YA TATU: WEMA USIOPIMWA

Iko khatari nyingine isiyokuwa ya dini, nayo yawagusa watoaji wote. Watu wengi hudhani kwamba kiti ni kiti, na kiwete yeyote akikalishwa juu ya kiti chochote kazi imekwisha. Sivyo. Mtu aliyekatika mshipa wa uti wa mgongo hasikii maumivu sehemu za chini. Kiatu kikimbana mwenye miguu mizima, atakivua. Lakini kiti kikimbana huyu, hajui. Hukaa juu ya ubao mgumu saa nyingi, damu haipiti, ngozi huoza, hupata vidonda vya kukaa vifikavyo hata mfupani, na vidonda hivyo vimewaua watu. Mtoto akipewa kiti cha mtu mzima, mgongo wake huzidi kupinda. Na kiti chenye magurudumu madogo ya mbele, kilichofanyiwa sakafu ya hospitali, kikitiwa katika mchanga wa kijiji huzama hapo hapo. Baada ya mwezi huonekana kimeegemezwa ukutani, kuku wamelalia juu yake.

Kwa sababu hiyo mwaka 2008 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo wa kazi hii kwa nchi zenye uchache wa mali, likaipanga kazi katika hatua nane: kumpata mwenye haja, kumpima, kumchagulia kiti, kupata fedha na kukiagiza, kukitayarisha, kumkalisha na kukisawazisha, kumfundisha kukitumia, na kumfuatia baadaye kwa kukitengeneza kiharibikapo. Katika hatua nane hizo, kumkabidhi mtu kiti ni sehemu ya hatua moja tu. Wageni wakaao juma mbili huweza kuzifanya kadha katika hatua hizo. Lakini ya mwisho, ya kufuatia na kutengeneza, haifanywi na mtu aliyekwisha rudi kwao. Wengi katika vyama vya makanisa wamelitambua hilo. Hata Free Wheelchair Mission, kilichoanza na kiti cha plastiki cha namna moja, baadaye kilileta viti vya vipimo mbali mbali vyenye mito ya kukalia. Kukubali upungufu na kuurekibisha ni sifa, wala si aibu.

Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mungu ameandika kufanya vizuri katika kila jambo, hata katika kumchinja mnyama kisu kinolewe. Ikiwa mnyama aendaye kufa ana haki ya kisu kikali, mwanaadamu aendaye kuishi juu ya kiti miaka ishirini ana haki ya kupimwa kiuno chake.

MAS-ALA YA NNE: DENI LA WAISLAMU

Sasa yamebaki maneno na lile pote la tatu, lililonyamaza.

Mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba watu milioni 80 duniani wahitaji kiti cha magurudumu, na walio wengi katika nchi za kimaskini hawana. Katika hao Waislamu ni wengi, na jirani zao ni Waislamu. Hukumu ya jirani hao ni nini?

Imam Nawawi katika Minhaj, alipozitaja faradhi za kutoshelezana, ametaja katika jumla yake kuondoa madhara ya Waislamu, mfano wa kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, iwapo haja hiyo haikuondoka kwa zaka wala kwa hazina ya Waislamu. Na maana ya faradhi ya kutoshelezana ni kwamba wakiisimamia baadhi ya watu imewaondokea wote, na wasipoisimamia hata mmoja wamepata dhambi wote waliokuwa na uwezo. Kutambaa chini kwa mtu asiyeweza kusimama, akichubuka magoti na kuonekana uchi wake, ni madhara yasiyopungua kukosa nguo. Basi mwenye kudhani kuwa jambo hili ni la hisani tu, apendaye afanye na apendaye aache, amekosea. Ni deni.

Na zaka yafaa hapa. Kuwa na ugonjwa wa viungo si sharti la kupewa fungu la mafakiri katika kauli mpya ya Imam Shafi'i. Lakini fakiri aliye kiwete ni fakiri kwa njia mbili. Wanavyuoni wa madhehebu wamesema kwamba fakiri mwenye kazi hupewa cha kununulia zana za kazi yake, ziwe nyingi au chache, mradi zimtosheleze. Sasa fundi wa kushona asiyeweza kufika dukani kwake, zana yake ya kwanza ni ipi kama si kiti? Kumpa shilingi kila Ijumaa ni kumlisha siku moja. Kumfikisha kwenye kazi yake ni kumtoa katika ufakiri, na huko kumtoa ndiko kulikokusudiwa na zaka.

Wala jambo hili si geni katika tarikh ya Kiislamu. Al-Walid bin Abdulmalik, khalifa wa Bani Umayya aliyetawala kutoka mwaka 86 hata mwaka 96 wa Hijra, aliwapangia wagonjwa wa ukoma riziki zao ili wasiombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi wa kumshika mkono, kama alivyoeleza Tabari katika tarikh yake. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali yenye wakfu, mgonjwa akitibiwa bure, tajiri na maskini. Mtume (S.A.W.) alimuacha Ibn Ummi Maktum, naye ni kipofu, kuwa naibu wake Madina zaidi ya mara moja. Na Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka aliyefariki karibu ya mwaka 114, ambaye ilimu yake ilipita kwa Ibn Jurayj na Muslim bin Khalid hata ikamfikia Imam Shafi'i, alikuwa mtu mweusi, chongo, mwenye mkono uliopooza, na kiguru, kisha mwisho wa umri wake akawa kipofu. Msimu wa Haji ulipigwa mbiu asitoe fatwa mtu ila Ata. Lau watu wa Makka wangalimuacha kizingitini akipewa sarafu, madhehebu haya yangalikosa mmoja katika shina zake.

Na leo tazama kizingiti cha misikiti mingi. Kiwete huketi nje siku ya Ijumaa. Watu humpa sadaka wakiingia na wakitoka, na katikati ya kuingia na kutoka, yeye yuko nje na khutba yasomwa ndani. Ngazi tatu za mawe zimemzuia na jamaa. Msikiti huo huo umetiwa mazulia mapya na mapanka, lakini haukumwagiwa saruji ya mteremko ambayo fundi mmoja aimaliza kwa siku moja. Akiuliza mtu: Je, magurudumu hayatatia najisi msikitini? Jawabu: asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ijulikane, na pakiwa na tope, kitambaa na ndoo ya maji mlangoni vyatosha. Waendao kwa miguu nao huja na miguu yao wakaiosha, wala hapana aliyewafukuza.

NINI KIFANYWE

Yapasa maneno yasiishe hewani. Kila msikiti una kamati, na kila mtaa una fundi wa baiskeli. Na waandikwe viwete wa mtaa, majina na haja zao, wala wasingoje mpaka waje kuomba. Atafutwe mganga wa viungo wa hospitali iliyo karibu awapime. Vitengwe katika zaka na sadaka vya kununulia viti viwezavyo kutengenezwa kwa vyuma na mipira ya baiskeli ipatikanayo dukani. Fundi afundishwe, alipwe ujira wake, awe ndiye wa hatua ile ya nane. Mwenye shamba au nyumba aweke wakfu kwa kazi hii, kwani wakfu hauendi kwao baada ya juma mbili. Na bora ya yote ni viwete wenyewe wafundishwe ufundi huu. Huko Bombolulu, karibu na Mombasa, miaka mingi watu wenye udhaifu wa viungo wamefanya kazi za mikono yao katika karakana, kwa hivyo hapana awezaye kusema kuwa jambo hili haliwezekani pwani.

Na wakija wageni wa makanisa na viti vyao, wasipokewe kwa mawe wala kwa unafiki. Waambiwe ahsante, waulizwe kama kiti kimepimwa, na nani atakitengeneza kikivunjika. Na wakiwa na mwaliko wa dini, wajibiwe kwa njia iliyo nzuri na mtu mwenye ilimu. Bali lililo bora ni wakute ya kuwa viwete wa mtaa ule wamekwisha inuliwa na jirani zao, waambiwe: wapelekeeni hivi wengine wenye haja zaidi. Neno hilo moja lina nguvu ya kuihifadhi dini kuliko makaratasi elfu ya kuwalaumu.

Siku ya Kiyama mtu hataulizwa kwa nini injinia wa California alitoa kiti pamoja na kitabu. Hilo litaulizwa kwa mwenyewe. Ataulizwa kuhusu yule aliyekuwa akitambaa mbele ya mlango wake mwenyewe, naye akipita.

Ewe Mola, tusamehe tulivyopita tusitazame. Watie nguvu waliotiwa mtihani katika viungo vyao, wape wenye miguu moyo wa kusimama kwa ajili yao, na uzitakase sadaka zetu na ria na masimbulizi. Amin.